Sura ya Saba: Uwezo wa Kusema Hapana

Mwezi Desemba mwaka 1989, watu wapatao 20,000 katika nchi mbalimbali walipokea kwa posta bahasha yenye diski ya kompyuta. Maandishi ya juu yalieleza kwamba ndani mna maarifa kuhusu UKIMWI, ugonjwa uliokuwa umeitia dunia hofu kubwa wakati ule. Wengi wa waliotumiwa walikuwa watafiti, madaktari na watu wa biashara. Wakaitia diski kwenye kompyuta, wakajibu maswali yake, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Programu ile ilikaa kimya ikihesabu kila mara kompyuta ilipowashwa. Hesabu ilipokaribia 90, majina ya mafaili yakavurugwa, kazi ya miaka ikawa haifikiki, na mashine ikatoa dai: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa msomi wa biolojia kutoka Marekani aliyewahi kuishi na kufanya kazi hapa Afrika Mashariki. Kesi yake Uingereza haikufika mwisho kwa sababu ilionekana akili yake haikuwa timamu vya kutosha kusimama kizimbani. Mpango wake nao haukufika mbali. Ufungaji wa mafaili ulikuwa hafifu, na wataalamu wakatengeneza dawa yake upesi. Tena pesa zilipaswa kusafiri kwa posta hadi kwenye anwani ambayo polisi wangeweza kuifuatilia.

Udhaifu huo wote umekwisha kuzibwa. Programu za kikombozi za leo hufunga mafaili kwa hisabati ambayo hakuna fundi anayeweza kuivunja kwa nguvu, na malipo hudaiwa kwa sarafu za kidijitali zinazovuka mipaka kwa dakika. Wanaoziunda hawashambulii peke yao. Huzikodisha kwa wahalifu wengine na kugawana nao mapato. Na tangu mwaka 2019 wameongeza mateso ya pili: kabla ya kufunga mafaili, huyanakili na kuyachukua, kisha hutishia kuyaanika hadharani. Hata mwenye nakala zake za akiba hujikuta anatishwa kwa siri za wateja wake.

Hata hivyo, kiini cha uhalifu huu hakijabadilika tangu enzi za diski ya Popp. Mhalifu hauzi chochote kipya. Anakuuzia kazi yako mwenyewe, na bei anaipanga kwa kukisia ni kiasi gani huwezi kuishi bila kazi hiyo. Basi kinga ya biashara ina lengo moja tu: kujenga, siku za amani, uwezo wa kumwambia hapana. Mwenye uwezo huo hupata hasara na usumbufu, lakini biashara yake hubaki mkononi mwake. Asiye nao huacha watu asiowajua waamue kama kesho atafungua mlango.

Mgeni aliyekwisha kuingia

Wafanyabiashara wengi hudhani shambulio huanza pale maandishi ya vitisho yanapotokea kwenye skrini. Ukweli ni kwamba maandishi hayo ndiyo hatua ya mwisho.

Angalia yaliyoupata mfumo wa afya wa umma wa Ireland mwaka 2021. Tarehe 18 Machi mfanyakazi mmoja alifungua faili lililokuja na barua pepe ya ulaghai. Kompyuta za mfumo mzima zilifungwa tarehe 14 Mei. Kati ya tarehe hizo mbili zilipita wiki nane, na wadukuzi walizitumia kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine, kukusanya manenosiri na kutafuta seva zenye thamani. Mwishoni mwa Machi programu ya kuzuia virusi iliwagundua kwenye kompyuta ile ya kwanza kabisa. Ilikuwa imepangwa kutoa taarifa tu, bila kuzuia, na taarifa yake haikufuatiliwa.

Nchini Marekani, kampuni ya Change Healthcare, inayopitisha madai ya malipo ya hospitali na maduka ya dawa, iliingiliwa tarehe 12 Februari 2024 na kufungwa tarehe 21. Hapo siku tisa zilitosha.

Muda huo wa ukimya ni hatari, lakini pia ni nafasi. Kuna nenosiri linalotumika saa nane usiku wakati mwenye nalo amelala. Kuna programu ya kuzuia virusi iliyozimwa pasipo mtu kukiri kuizima. Kuna mtumiaji mpya kwenye orodha ambaye hakuna anayemfahamu. Dalili za namna hii huonekana hata katika ofisi yenye kompyuta tano, mradi yupo mtu aliyepewa jukumu la kuziangalia na anayejua amwambie nani.

Milango wanayoipenda

Watu huwafikiria wadukuzi kuwa mabingwa wanaopenya kuta za chuma. Wengi wao huingia kwa mlango ulioachwa wazi, na milango hiyo ni michache.

Wa kwanza ni nenosiri. Mwezi Mei 2021, Colonial Pipeline, kampuni inayosafirisha karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani, ilisimamisha bomba lake. Wadukuzi walikuwa wameingia kupitia akaunti ya zamani ya kuunganishwa na mtandao wa kampuni kutoka mbali. Akaunti hiyo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga, na ilihitaji nenosiri tu. Change Healthcare nao waliingiliwa kupitia lango ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Uingereza, kampuni ya malori ya KNP, iliyobeba jina la Knights of Old na historia inayoanzia mwaka 1865, ilivamiwa mwaka 2023 baada ya wadukuzi kubahatisha nenosiri la mfanyakazi. Ilikuwa na malori takriban 500 na bima ya mashambulio ya mtandao. Seva ziliharibiwa pamoja na nakala za akiba. Kabla mwaka haujaisha, watu wapatao 700 walikuwa wamepoteza kazi na kampuni ya miaka 158 imekufa.

Katika ofisi zetu mlango huu una sura tunazozijua. Kuna nenosiri moja linalotumiwa na watu wote wa uhasibu na kubandikwa pembeni mwa skrini. Kuna karani aliyeacha kazi mwaka juzi na akaunti yake bado inafunguka. Kuna kompyuta ya ofisini iliyofunguliwa kwa intaneti ili mhasibu aifikie akiwa nyumbani, bila kizuizi kingine. Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Kila mtu awe na akaunti yake. Anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo. Nenosiri liwe refu na lisitumike mahali pengine. Na kwenye barua pepe, mfumo wa hesabu na kila njia ya kuingia kutoka nje, iwashwe hatua ya pili: namba ya mara moja au idhini kwenye simu. Wateja wa huduma za pesa kwa simu wamekwisha kuzoea kwamba laini peke yake haitoshi, lazima na namba ya siri. Mazoea hayo yahamie ofisini.

Mlango wa pili ni barua pepe. Ankara ya bandia, taarifa ya mzigo uliokwama forodhani, maombi ya kazi yenye kiambatisho: kila moja imeandikwa ili ifunguliwe na mtu anayetimiza wajibu wake. Ndiyo maana kumfokea mfanyakazi aliyebonyeza ni kosa kubwa la uongozi. Atakayefokewa leo, kesho ataficha, na saa za kwanza za kumzuia mdukuzi zitapotea katika hofu yake. Wafundishe watu kupiga simu kwa namba wanayoijua kabla ya kufungua wasichokitarajia, na uwashukuru hadharani wanaotoa taarifa upesi.

Mlango wa tatu ni programu zilizopitwa na wakati. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la udhaifu mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ilipita katika udhaifu huohuo na kushika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Aliyekuwa amesasisha mashine zake kwa wakati alikuwa na kinga. Hapa kwetu kuna jambo la kusema bila kuzunguka: kompyuta nyingi za biashara zina programu zilizonakiliwa bila leseni, zikapakuliwa pamoja na kifaa cha kuvunja ulinzi wake. Kifaa hicho mara nyingi ndicho hubeba virusi, na mwenye mashine huogopa kusasisha asije akafungiwa. Fedha iliyookolewa kwenye leseni inakuwa rehani. Kama bajeti hairuhusu leseni, zipo programu huria za bure, kama LibreOffice kwa nyaraka na Linux kwa kompyuta nzima, ambazo husasishwa kihalali.

Akiba huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, na kuoza kwake hakuna harufu.

Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyopewa jina la NotPetya ilitoka Ukraine kupitia masasisho ya programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc. Ilijifanya inadai kikombozi, lakini hata aliyelipa hakuweza kufunguliwa. Iliundwa kuharibu. Miongoni mwa walioumia ni Maersk, kampuni ya meli za makontena. Ilibidi iweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Ndani ya mkasa huo kuna tukio ambalo kila mwenye biashara anapaswa kulijua. Maersk ilikuwa na seva nyingi zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao. Zilikuwa zimetawanywa duniani na kila moja ilinakili nyingine, kwa imani kwamba ikianguka moja, zingine zitasimama. Haikupangwa kwamba zote zianguke kwa wakati mmoja. Zilifutwa zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, na hiyo ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa nje ya mtandao. Data zake zikabebwa kwa ndege hadi Uingereza, na kampuni ikaanza kujengwa upya kutoka hapo.

Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na umeme kukatika. Somo lake ni kwamba wingi wa nakala haukingi kitu ikiwa zote zinafikiwa kwa njia moja. Diski ya nje inayoshinda imechomekwa kwenye kompyuta ni ufunguo wa akiba ulioning'inizwa kwenye kufuli: mwizi atavikuta pamoja. Vivyo hivyo, hifadhi ya mtandaoni inayojilinganisha na kompyuta kila dakika itapokea mafaili yaliyofungwa na kuyaweka juu ya yale mazima, isipokuwa kama huduma hiyo inatunza matoleo ya zamani. Kagua leo kama yako inatunza, na kwa siku ngapi. Kumbuka wiki nane za Ireland.

Wataalamu wana kanuni fupi ya kupanga akiba: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na angalau 1 iwe mahali pengine. Kwa zahanati, duka la vipuri au wakala wa forodha, kanuni hiyo yaweza kutekelezwa hivi. Nakala ya kwanza ndiyo unayoifanyia kazi. Ya pili iwe kwenye diski za nje, walau mbili za kupokezana: moja ichomekwe jioni, inakili, ichomolewe, ifungiwe, na nyingine iwe nje ya jengo. Ya tatu iwe mtandaoni chini ya akaunti yenye nenosiri lake pekee na hatua ya pili, isiyofunguliwa kutoka kwenye kompyuta za kila siku. Nakili kwanza vile ambavyo bila hivyo huwezi kudai wala kudaiwa: madeni ya wateja, hesabu za stoo, mishahara, mikataba, kumbukumbu za kodi. Picha za sherehe ya mwaka zinaweza kusubiri.

Kisha jaribu. Hapo ndipo akiba nyingi hugundulika kuwa zimeoza: diski imekufa, kazi ya kunakili ilisimama miezi iliyopita, mafaili yapo lakini programu ya kuyafungua haipo, au nenosiri la nakala lilikuwa kichwani mwa fundi aliyehama mji. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini. Usiihesabu kuwa mali.

Je, ulipe?

Swali hili huulizwa na mtu aliyebanwa, na sitamhukumu mwenye hospitali ambaye wagonjwa wake wako hatarini. Lakini anayetafakari mapema anapaswa kujua malipo hununua nini hasa.

Ireland haikulipa. Baada ya siku chache wahalifu wenyewe waliitoa programu ya kufungulia bila malipo. Pamoja na hayo, kazi ya kufungua seva zote ilikamilika mwezi Septemba, miezi minne baadaye. Colonial Pipeline ililipa bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4, ikapewa kifungulio kilichokuwa polepole kiasi kwamba iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe. Serikali ya Marekani baadaye ilizirejesha bitcoin 63.7 kati ya hizo, bahati ambayo ni wachache huipata. Change Healthcare walilipa dola milioni 22 ili data zisianikwe. Kundi lililopokea pesa likamdhulumu mshirika wake na kutoweka, kisha wakajitokeza wengine wakisema data bado wanazo na wanataka kulipwa.

Kwa hiyo hata kifungulio halali hakikuepushi na wiki za kujenga upya, na ahadi ya mwizi kwamba amefuta alichoiba haina njia ya kuthibitishwa. Kila malipo pia yanagharamia shambulio litakalomfuata jirani yako. Kabla ya kufikiria kulipa, angalia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Hutoa bure vifungulio vya baadhi ya programu hizi ambazo siri yake imefichuliwa.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 2019, Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norwe yenye wafanyakazi 35,000 katika nchi 40, ilianza kufungwa na programu iitwayo LockerGoga. Chanzo kilikuwa barua pepe iliyotoka kwa mteja wanayemwamini, miezi kadhaa kabla. Asubuhi wafanyakazi walikuta karatasi zimebandikwa milangoni zikiwakataza kuunganisha kompyuta yoyote kwenye mtandao.

Uongozi uliamua mapema mambo matatu: hatulipi, tutarejesha kutoka kwenye nakala zetu, na hatutaficha. Siku hiyohiyo waliitisha mkutano wa waandishi wa habari. Tovuti ilikuwa imezimika, basi wakatoa taarifa kupitia Facebook. Viwandani, mitambo iliendeshwa kwa mikono na oda zikasomwa kwenye karatasi. Wastaafu waliokumbuka jinsi kazi ilivyofanyika kabla ya kompyuta walirudi kusaidia. Hasara ilizidi kroni milioni 500, nayo ni hasara nzito. Lakini kampuni ilisimama, na wateja wake walijua kila hatua wanashughulika na nani.

Biashara ndogo inaweza kuiga utaratibu huo. Ukiona dalili, tenganisha mashine na mtandao mara moja: chomoa waya, zima Wi-Fi, chomoa diski zote za nje. Usikimbilie kufuta na kuweka Windows upya, maana utafuta ushahidi na labda njia ya kupona. Mwaka 1989 wapo walioangamiza kazi yao wenyewe kwa hofu ya diski ya Popp, ilhali ilikuwa ikitibika. Piga picha ya maandishi kwenye skrini, andika saa na nani aliona nini. Wasiliana na washauri na viongozi kwa simu, kwani barua pepe yako huenda inasomwa. Badilisha manenosiri kwa kutumia mashine safi. Hamia kwenye karatasi: kitabu cha risiti, daftari la mauzo, orodha ya bei iliyochapishwa. Vitu hivi viwe vimeandaliwa kabla, pamoja na namba za simu za benki, mwanasheria, bima na fundi, kwa sababu siku hiyo havitachapishika.

Toa taarifa pia kwa mamlaka. Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA, na Kenya kuna KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ikiwa taarifa za wateja zimeguswa, sheria inakudai. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inampa mhusika saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale watu wanapokuwa hatarini kudhurika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Wateja wenyewe wana haki ya kusikia kutoka kwako kabla hawajasikia kwa mwizi.

Kazi ya mwenye mali

Tabia iliyozoeleka ni kulisukuma jambo hili kwa fundi na kulisahau. Fundi anaweza kuweka hatua ya pili na kupanga nakala. Hawezi kuamua kwamba hesabu zitafungwa nusu saa mapema kila Ijumaa ili akiba ijaribiwe, wala kumnyima mkurugenzi nenosiri la pamoja, wala kununua diski ya pili kwa fedha ambazo hajapewa. Hayo ni maamuzi ya mwenye mali, na Norsk Hydro walionyesha kwamba yakifanywa na wakubwa, wadogo huyafuata.

Basi mwezi huu chagua siku moja. Mwambie fundi wako achukue kompyuta isiyo na kitu, aizuie kugusa mtandao wa ofisi, kisha arejeshe humo hesabu za mwezi uliopita kutoka kwenye nakala peke yake. Kaa naye, shika saa. Mwite mhasibu atafute deni la mteja mmoja na mshahara wa mfanyakazi mmoja, alinganishe na karatasi. Vikipatikana, unajua sasa ni saa ngapi biashara yako inahitaji ili isimame tena bila ruhusa ya mtu. Visipopatikana, umegundua siku ambayo hakuna anayekudai, na bado unao muda wote wa kurekebisha.